Ulimi wa Hawe Jumwa

Mama yetu hutoa mchanga machoni mwa watu kwa ulimi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo mdogo wangu Gladys alilolificha miaka yote, na mimi sina tena sababu ya kumfichia.

Tunakaa Utange, nyuma ya timbo la mawe. Mashine inakata matumbawe kuwa matofali meupe ya kujengea, na unga wake unaruka hadi ndani ya sufuria zetu. Mtu akimaliza wiki pale bila chembe kumwingia jichoni, basi huyo anafanya kazi amefumba macho. Na chembe ikimwingia haendi dispensari, anakuja kwetu. Mama anamkalisha mkekani, uso umeelekea jua. Anasukutua kwa maji ya chumvi, anapanua kope kwa vidole gumba viwili, kisha anapitisha ncha ya ulimi juu ya jicho, mara moja, polepole, kutoka pembeni hadi karibu na pua. Halafu anatema kiganjani na kumwonyesha mwenyewe kilichotoka. Wanamwita Hawe Jumwa, yaani nyanya, hata wanaume wenye mvi zao. Hatozi kitu. Wakimletea ndizi anapokea, wasipomletea anawaambia nendeni mkaangalie mnachokipiga.

Mimi Winfred ndiye mkubwa, na sijawahi kuondoka pale. Nawauzia wachonga mawe chai na viazi vya karai. Gladys alisoma, akapata kazi ya ofisi Changamwe kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, akapanga chumba huko huko, akaanza kumwita mama "mami". Akija kutusalimu alisimama uani kama mtu anayengoja kuitwa kwa daktari. Siku moja alimkuta Chengo, mmoja wa wachonga mawe, kichwa chake kiko mapajani mwa mama. Gladys akaingia ndani, akajifungia mpaka Chengo akaondoka.

"Mami," akasema alipotoka, "hiyo tabia ukiiacha utapungukiwa na nini? Watu wa kazini wakisikia, mimi nitajificha wapi?"

Mama akacheka, akidhani ni mzaha. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nauona uso wa aliyesema.

Gladys alivaa miwani tangu darasa la nne. Ilikuwa mizito hata ikamwachia alama mbili puani zisizotoka. Watoto wa Utange walimwita Chupa, na jina hilo likamfuata hadi sekondari. Basi aliposikia kuna kliniki kisiwani inayorekebisha macho kwa leza, unaingia asubuhi na miwani na kutoka bila miwani, hakulala tena. Alivyolipa anajua mwenyewe. Desemba alikuwa anaolewa na kijana wa bara aitwaye Erastus, na alitaka picha za harusi zisizo na vioo usoni. Kwa hilo sikumlaumu. Ningekuwa na macho yale ningetaka hivyo hivyo.

Masharti ya kliniki ni kwamba uje na mtu wa kukurudisha nyumbani. Erastus alikuwa safarini Nakuru. Gladys akanipigia simu, sauti ya asali tupu, "Dada, naomba unisindikize Jumatatu." Nikafunika karai langu, nikavaa gauni langu la kanisani, nikaenda naye.

Pale mapokezi msichana mmoja alikuwa anajaza fomu. Akaniangalia, akamuuliza Gladys, "Na huyu ni nani wako?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema mimi ni dada yake. Gladys akaniwahi.

"Ananisaidia kazi za nyumbani," akasema. Hata hakunitazama.

Yule msichana akaandika. Nikakaa kwenye kiti laini, viganja vyangu vinanuka binzari ya viazi, nikajaribu kujiambia kwamba ni hofu tu ya operesheni. Lakini iliniuma. Iliniuma pale, na inaniuma hadi leo, wala sitajifanya kwamba lililofuata halikutokana na hapo.

Operesheni yenyewe haikuchukua hata muda wa kukaanga sinia moja la viazi. Daktari alikuwa mtu mpole wa makamo, Daktari Munga. Alitukalisha sote wawili akatueleza.

"Juu ya jicho kuna kioo chake, tunakiita konea," akasema. "Nimekata ngozi nyembamba sana ya juu, nikaifunua kama ukurasa wa kitabu, nikapitisha leza, nikaurudisha ukurasa mahali pake. Haukushonwa. Utajishika wenyewe. Sasa, ganzi ikiisha utahisi una mchanga machoni. Si mchanga. Usiguse, usisugue, maji yasiingie, chochote kisiingie. Lala tu, ukiamka utakuwa afadhali."

Akamfunika macho yote mawili kwa vifuniko vya plastiki vyenye matundu. Dawa za matone akanipa mimi, akanieleza saa zake kwa sauti ya polepole na ya juu, vile watu wanavyosema na mfanyakazi wa nyumbani.

Gladys hakuweza kurudi Changamwe peke yake hali haoni vizuri. Nikampeleka Utange, nikamlaza kitandani kwangu, nikafunga madirisha. Ilipofika alasiri ganzi ikaisha. Kwanza alikunja vidole vya miguu, kisha machozi yakaanza kumtiririka chini ya vile vifuniko.

"Dada, kuna mchanga."

"Daktari alisema utahisi hivyo. Si mchanga."

"Ni mchanga, nakwambia! Hili la kushoto!" Akapiga godoro kwa ngumi.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Masikini, tangu tuingie alikuwa akizunguka pale, hajui pa kuiweka mikono yake. "Mwanangu ana chembe," akasema.

"Amekatazwa kuguswa, mama."

"Kwani kuna anayegusa kwa mkono?"

Nilimtazama Gladys nikingoja afoke, aseme yale yake ya watu wa kazini. Badala yake akanyoosha mikono hewani kama mtoto anayetaka kubebwa. "Mayo," akasema. Hilo ndilo neno letu la Kigiriama la kumwita mama, na kinywani mwa Gladys sikuwa nimelisikia kwa miaka kumi. "Mayo, nitolee."

Mama akatoka mbio kwenda kusukutua. Ningeweza kusimama mlangoni nikamzuia. Mimi ni mnene kumliko. Nilichofanya ni kusema tena, "Daktari amekataza," kwa sauti ndogo, ili siku moja niweze kusema kwamba nilisema.

Mama akarudi, akakibandua kifuniko cha jicho la kushoto. Akapanua kope kwa vidole gumba, akainama, akapitisha ulimi. Gladys akashusha pumzi ndefu. "Ah, mayo. Imetoka." Mama akatema kiganjani, na kiganjani hapakuwa na kitu, mate matupu. Lakini mama hajawahi kumwacha mtu aondoke hivi hivi. "Ilikuwa ndogo," akasema, "imeyeyuka." Kabla hajafika kwenye jicho la kulia Gladys alikuwa amelala. Ndiyo sababu la kulia bado analo.

Jumanne tulirudi kliniki. Gladys alisoma herufi zote ukutani, mpaka zile za chini kabisa, kwa macho yote mawili. Alicheka hadi machozi yakamtoka. Njia nzima ya kurudi alinisomea vibao vya maduka, mabango ya makanisa na namba za magari, na mimi nikafurahi naye. Kweli nilifurahi. Mtu anaweza kuwa na kinyongo na bado akafurahi.

Jumatano jioni jicho la kushoto lilikuwa jekundu. Alhamisi asubuhi halikuweza kutazama hata mwanga wa upenyo wa mlango. Tukaenda tena. Daktari Munga alimweka kidevu kwenye mashine yake akatazama kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yake.

"Chini ya ule ukurasa pamefanya ukungu," akasema. "Inaweza kuwa moja kati ya mambo mawili. Kuna uvimbe unaokuja wenyewe, tunauona mara kwa mara, na dawa yake ni ya kutuliza, naitia kwa wingi na unaisha. Au ni vijidudu vimeingia. Kama ni vijidudu, dawa ile ile ya kutuliza inavilisha, vinanenepa. Kwa hiyo nakuuliza na unijibu vizuri. Kuna kitu chochote kiliingia jicho hili? Maji, vumbi, mkono, kitambaa, dawa ya kienyeji?"

"Hapana, daktari," akasema Gladys.

"Fikiria. Sitakugombeza. Chochote."

"Hapana. Nilifuata masharti yote."

Daktari akanigeukia mimi. "Na wewe dada, uliyekuwa naye nyumbani? Uliona chochote?"

Gladys hakuwa akiona vizuri, lakini paja langu alilipata. Alinifinya kwa kucha zote. Na mimi nikamtazama daktari, nikasema, "Mimi sijui, daktari. Mimi ni wa kazi tu."

Nilisikia raha. Nisidanganye hapa, raha tamu ilinipanda kutoka tumboni. Nilimwona Gladys anavyoshtuka, anavyoelewa kwamba nilisikia Jumatatu ile na kwamba nilikuwa nimeyaweka moyoni. Daktari akaandika dawa ya kutuliza, tone moja kila saa. Na ni mimi niliyekuwa nikimtilia, kila saa, bila kukosa hata moja. Ningependa kusema sikujua nilichokuwa nafanya, lakini daktari alikuwa ametueleza kwa Kiswahili chepesi kabisa.

Ijumaa raha ilikuwa imeniisha. Gladys alikuwa akigonga kichwa ukutani kwa maumivu, na katikati ya weusi wa jicho kulikuwa na doa jeupe.

"Mpigie daktari umwambie," nikamwambia.

"Nimwambie nini? Kwamba nimelambwa jicho?" Hata katika hali ile sauti yake ilikuwa na dharau. "Mtu mzima, na kazi yangu, niende ofisi ya daktari nikaseme mamangu alinilamba jicho? Waandike kwenye faili?"

"Basi nitasema mimi."

"Wewe ulishasema hujui. Utakuwa umesema uongo mbele ya daktari."

Saa ilikuwa imefika, nikamtilia tone. Mama alikuwa jikoni akimpikia uji, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini ili asimsumbue mgonjwa. Jumamosi doa lilikuwa ukubwa wa punje ya mchele. Jumapili lilianza kutoa usaha. Tulipofika kliniki Jumatatu, Daktari Munga alitazama mara moja tu, akaita wauguzi. Siku ile ile alifunua ukurasa, akakwangua, akapeleka maabara, akafuta dawa yake ya kwanza na kuanza nyingine kali, tone kila nusu saa. Gladys akalazwa. Siku ya kumi na tisa konea ikatoboka. Daktari akamwambia kwamba jicho la kushoto halitaona tena, na kwamba hata konea ya kupandikizwa haitasaidia, kwa sababu uozo umeshaingia ndani.

Erastus alikuja kumwona mara mbili. Mara ya pili alikaa kwenye ukingo wa kiti, akazungumza nami zaidi kuliko naye, tena kuhusu hali ya barabara. Harusi ikasogezwa hadi Aprili, halafu haikutajwa tena.

Mama ndiye aliyelia kuliko sote. Kila aliyekuja mkekani pake alipewa habari. Mwanangu ameunguzwa na moto wa mashine, alisema. Wamemchoma jicho, wamemwachia tundu. Wachonga mawe walitikisa vichwa, wakasema hospitali siku hizi ni biashara. Kisha mama akaipangusa michirizi ya machozi shavuni, akasukutua, akawatoa chembe zao. Gladys, aliyetolewa kliniki akaletwa kwetu, alikuwa ndani akisikia yote, na mimi niko kwenye karai langu, nasikia. Hakuna kati yetu aliyefungua mdomo.

Siku moja asubuhi mama alitoka chumbani amejifunga leso zake mpya, zile alizoziweka kwa ajili ya harusi. "Twendeni kliniki," akasema. "Yule daktari atanieleza mimi."

"Mami, wacha," Gladys akasema. "Imeshatokea."

"Siwachi. Nimezaa mtoto ana macho mawili. Atanieleza la pili amelipeleka wapi."

Gladys akanitazama kwa jicho lililobaki. Ilikuwa mara ya kwanza tangu utotoni kuniomba kitu kweli, nimzuie mama. Nikachukua mkoba wangu nikatangulia mbele.

Daktari Munga alisimama tulipoingia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lakini sikuja kuamkiwa, baba. Nimekuja uniambie jicho la mwanangu ulilichomea nini."

Alimpa kiti. Mama akakaa kushoto kwa Gladys, amemshika mkono, na mimi nikasimama nyuma yao. Daktari akafungua faili. Hakuonyesha hasira. Alikuwa amechoka, na alisema naye kwa heshima zote.

"Mama, mashine haikulichoma. Siku ya pili jicho lilikuwa safi, binti yako ni shahidi. Jicho limeliwa na vijidudu. Tulivipeleka maabara vikapatikana jina. Makao yake ni kinywa cha binadamu. Nimewauliza wauguzi wangu wote. Nimejiuliza hata mimi kama nilikohoa. Kwa wiki mbili sasa nalala na jambo hili."

"Kinywa?" mama akauliza.

"Kinywa, mama. Mate."

Angeweza kunyamaza. Sisi wawili tulikuwa tumenyamaza kwa wiki kadhaa, na tungenyamaza pale pale pia. Lakini mama hakuwahi kufundishwa kuona haya kwa kazi yake.

"Basi ni mimi," akasema. "Jumatatu ile alilia mchanga. Nikamtolea kwa ulimi, vile ninavyowatolea watu wa timbo. Nimetoa wengi, baba, wengi sana. Sijapofusha mtu mimi."

Daktari akaweka kalamu chini. Akamtazama Gladys. "Nilikuuliza Alhamisi," akasema. "Nilikuuliza mara mbili."

Gladys aliinamisha kichwa.

"Mama," daktari akaendelea, "watu wako wa timbo jicho lao lina ngozi yake yote. Hili lilikuwa limefunuliwa. Lakini hata hivyo, Alhamisi lilikuwa bado la kupona. Ningejua ni mate, ile dawa ya kutuliza nisingeiandika. Na mimi nilikosea, ningekwangua siku ile ile nisingojee kuambiwa, na kosa hilo ni langu." Akaifunga faili. "Nyanya yangu kule Kaloleni alinitoa mchanga hivyo hivyo nikiwa mdogo. Ungeniambia tu. Nisingecheka."

Mama aligeuka akaniangalia mimi kwanza. "Wewe ulikuwapo Alhamisi?"

"Nilikuwapo."

"Ukasemaje?"

"Nilisema mimi ni wa kazi tu."

Hakulielewa hilo, na sikumweleza. Akamgeukia Gladys. Alimuuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia. "Mbona hukumwambia, mwanangu?"

Nilidhani atatafuta uongo. Alikuwa fundi wa uongo, mdogo wangu. Lakini labda alikuwa ameishiwa.

"Nilikuonea haya," akasema.

Nje mtu aliitwa jina, akaitika.

"Hata kwa jicho?" mama akauliza.

Gladys aliendelea kutazama magoti yake. Mama akauachilia ule mkono polepole, akauweka juu ya paja la mwenyewe kama kitu alichokuwa ameazima. Akasimama, akafunga leso upya. "Nisamehe, baba," akamwambia daktari, "nimekuja kukugombeza bure." Kisha akatoka. Mlango wa chumba kile ni wa kisasa, haupigi kelele.

Gladys hakujua kwamba ametoka. Upande wa kushoto haoni kitu. Baada ya muda akaanza kusema, kichwa bado kimeinama, machozi yakimdondoka kutoka macho yote mawili, lile zima na lile bovu.

"Mayo, nisamehe," akasema. "Ulinilea, mayo. Nilikuwa mjinga. Nilitaka wanione mtu. Usiende kuwaambia watu wa timbo, mayo, tutakaa pamoja, nitarudi Utange moja kwa moja nikae nawe, sitakuonea haya tena, naapa."

Daktari alifungua mdomo amwambie. Nikamtikisia kichwa. Nilimwacha akiombe msamaha kile kiti kitupu mpaka akamaliza.